Michoro yote nachora mimi, muhuri anagonga bosi. Kwa nini nisipewe leseni yangu?

Shikamoo Mama Ramani,

Mi ni msomaji wako wa Arusha, Sakina huku, nina miaka 36, mke na watoto wawili. Nina diploma ya ujenzi, nilivyomaliza nikapata kazi kwenye ofisi moja ya wasanifu majengo hapa mjini kama mchoraji wa kompyuta tu, na mwaka huu ni mwaka wa 12 niko palepale. Nilianza na AutoCAD baadae nikajifundisha ArchiCAD mwenyewe usiku, na sasa ivi bila kujisifu ramani inaanza na mimi inaisha na mimi. Mteja anakuja, bosi anafunga mlango anaongea nae nusu saa, halafu ananiita "shika hii", basi. Kupima kiwanja mimi, ngazi mimi, vyoo mimi, hilo paa la kujificha ambalo kila mtu Arusha analitaka siku hizi alafu mvua za masika zinawavujia sebuleni nalo nahangaika nalo mimi. Bosi anakuja mwisho anagonga muhuri anasaini.

Sasa mwaka jana akaja dogo katoka chuo na digrii yake ya usanifu majengo, miaka mitano kasoma, kijana mzuri tu wala hana dharau, ila wiki ya kwanza aliniuliza eti kati ya linta na zege la juu kipi kinatangulia. Nikamfundisha, sikumcheka. Kuja kujua mshahara wake wa kuanzia umezidi wangu wa miaka 12. Nikaenda kwa bosi nikiwa nimejikaza, akanijibu mbele ya watu "huyu keshokutwa anafanya mtihani wa Bodi anapata muhuri wake, wewe hutapata, ndo tofauti". Mama, siku ile nilitembea kwa miguu kutoka mjini mpaka nyumbani, sikutaka hata kupanda daladala.

Ndo najiuliza, kwa nini wasitenganishe hivi vitu? Cheti cha shule kibaki cha shule, leseni ya kazi iwe ya kazi, anayeijua aitwe afanyishwe mtihani apewe. Leseni ya gari trafiki hakuulizi ulisoma chuo gani, anakuangalia unavyorudi nyuma kwenye vikoni. Nasikia huko Marekani kuna majimbo yanakubali uzoefu tu, na kuna yule Mjapani alikuwa bondia hajakanyaga chuo cha usanifu na amekuwa mkubwa dunia nzima. Sisi tumekwama wapi?

Niseme na hili ili unishauri vizuri. Usiku nachora ramani zangu za pembeni. Kuna msanifu mmoja ana muhuri, namtumia PDF kwa WhatsApp na laki mbili, kesho yake zinarudi zimegongwa, sidhani kama tumeonana zaidi ya mara mbili. Vibali vinatoka vizuri tu. Moja ndo inanisumbua kidogo, nyumba ya mama mmoja Moshono, ilikuwa ya chini tu, kijana wake wa nje akatuma hela wakataka kuongeza ghorofa, nikawachorea, nondo nikaiga kutoka kwenye kazi nyingine ya ofisini inayofanana, muhuri ukagongwa. Sasa kuna ufa umetokea kona ya jikoni, fundi anasema ni plasta. Ila sio hilo nililokuandikia.

Mke wangu anasema niende Dar nikasome hiyo miaka mitano yaishe. Mama yangu yuko Machame anasema niridhike. Rafiki yangu mmoja kaniambia we tengeneza kadi andika "Arch." mbele ya jina nani atakuuliza, na kweli nimeshaprinti mia moja. Nishauri mama.

Mchoraji, Sakina

*

Marahaba mwanangu.

Hujaniandikia kuhusu Moshono, nimekusikia, lakini ndiko tunakoanzia. Leo hii kabla hujalala mpigie yule mama. Muulize kama juu wameshaweka tenki la maji, na kama bado wasiweke, manake tenki la lita 2,000 likijaa ni tani mbili zimekaa mahali ambapo hakuna mtu aliyepiga hesabu. Kesho ukienda beba penseli, weka alama pale ufa unapoishia huku na huku, andika tarehe ukutani. Ufa wa plasta huwa mwembamba unatambaatambaa kama utandu, lakini ukiona unakwenda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, na nje ya ukuta nako upo, usimsikilize tena fundi. Tena Arusha hiyo sehemu kibao zina ule udongo mweusi, masika unavimba kiangazi unapasuka mpaka unaingiza mkono, na msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini hauna habari kwamba juu kumeongezwa ghorofa. Alama ni za kufuatilia tu, hazimalizi kitu. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa, wa kumlipa, aje kwa miguu yake na si kwa WhatsApp, na hela utoe wewe. Usimwachie yule mama.

Haya. Sasa hiyo leseni.

Una haki ya kuumia, na bosi wako alikosea kukujibu vile mbele ya watu. Mimi mwenyewe nilianzia kwenye meza ya kuchorea hapa Moshi, enzi hizo tunachora kwa wino kwenye karatasi ya trasingi na ukikosea unakwangua na wembe taratibu usije ukatoboa, nikawa nachora majengo ambayo siku ya kukabidhi naambiwa nikae nyuma na akina mama wanaopika pilau. Kwa hiyo najua. Nilikuja kusoma baadae na muhuri nikaupata, nikaustaafisha.

Ila kuna kitu umekichanganya na wengi wanakichanganya. Dogo wako na digrii yake ya miaka mitano naye kisheria bado si msanifu majengo. Hapa kwetu ni sheria ya mwaka 2010 inayosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo (ndo sisi wasanifu majengo) na Wakadiriaji Majenzi, na inataka mtu asajiliwe ndo ajiite hivyo na afanye hiyo kazi kwa jina lake. Digrii inamfikisha mlangoni tu. Baada ya hapo afanye kazi chini ya aliyesajiliwa, ndo akae mtihani wa Bodi. Ni kama mawakili, mtu ana shahada yake ya sheria kaning'iniza sebuleni lakini hajapita Shule ya Sheria pale Dar basi mahakamani anaingia kama mimi na wewe, na unakumbuka zile kelele za 2022 wakati watu 633 walifanya mtihani na waliofaulu moja kwa moja wakawa 26, wengine ni sapu na kufeli. Wote 633 walikuwa na digrii. Kwa hiyo kutenganisha cheti cha shule na leseni kumeshafanyika zamani, ila kwa upande wa juu: digrii peke yake haikupi leseni. Wewe unachodai ni upande wa chini, yaani leseni bila digrii. Hilo ni dai lingine.

Na si dai la kichaa, nikutetee kidogo. Hapa hapa nchini uhasibu wanafanya, mtu anaanza na mitihani ya chini ya NBAA, bodi ya wahasibu, anapanda ngazi kwa ngazi mpaka anakuwa CPA, mhasibu kamili, na chuo kikuu hajawahi kukiona. VETA nao wana urasimishaji ujuzi, fundi aliyejifunzia mtaani anakuja anapimwa anapewa cheti, haambiwi aanze darasa la kwanza la kushika mwiko. Marekani ndo hivyo ulivyosikia, leseni ni ya kila jimbo (Illinois walianza 1897), na California kwa mfano wanataka miaka nane ya masomo na kazi ikijumlishwa pamoja, kwa hiyo usiposoma chuo unaifidia kwa miaka ya ofisini. New York nao njia hiyo ipo, ni ndefu zaidi. Ila usije ukadhani ni mteremko. Kuna daftari la mafunzo ya kazi la saa 3,740 zilizogawanywa kwa mafungu na msimamizi wako anazisaini, halafu kuna mitihani sita. Ukifeli unarudia na unalipia tena.

Huyo bondia wako ni Tadao Ando, alijifundisha mwenyewe, na tuzo ya Pritzker, ile kubwa kabisa ya wasanifu duniani, akapewa 1995. Lakini watu wakimtaja Ando wanamsahau Carlo Scarpa wa Venice, yeye kinyume chake, alikuwa anafundisha usanifu chuoni, wanafunzi wanamwita profesa, na leseni hana manake alikataa kukaa mtihani wa serikali, basi michoro yake ikawa inasainiwa na wengine na wenye leseni wakampeleka mahakamani. Profesa mzima anatafuta mtu wa kumgongea muhuri! Ningekuwa na picha yake ningekutumia uibandike juu ya kompyuta yako.

Uingereza wenyewe wamelinda jina tu. Kuchora nyumba anachora yeyote, michoro inakwenda kukaguliwa na watu wa majengo wa halmashauri, ila ukijiita msanifu majengo bila kusajiliwa umevunja sheria. India Mahakama yao ya Juu ilisema karibu hivyo hivyo mwaka 2020, sheria yao inalinda jina na sio kitendo cha kuchora. Kwetu vimefungwa vyote viwili kwa pamoja, jina na kazi. Mi binafsi naona paongezwe njia nyingine kwa watu kama wewe, ndefu na ngumu kuliko ya digrii, iwe na daftari na mtihani usio na huruma. Nikikutana na wenye kutunga sheria nitawaambia hivyo hivyo.

Lakini mwanangu, hata njia hiyo ingekuwepo leo, na mimi ndo nimekaa meza ya watahini, ningekufelisha. Kwa ajili ya Moshono.

Sikufelishi kwa kuwa hujui kuchora, naamini unachora kuliko bosi wako. Nakufelisha kwa sababu uliiga nondo za jengo lingine, udongo mwingine, upana mwingine wa chumba, na ulipoona ufa ukaandika "ila sio hilo nililokuandikia". Leseni inapimwa hapo. Shule inasema mtu huyu amefundishwa, leseni inasema mtu huyu likitokea la kutokea anajulikana jina, anaitwa, anajibu. Ile Ijumaa Kuu ya 2013 ghorofa liliporomoka katikati ya Dar wakafa watu zaidi ya 30, halafu tarehe 16 Novemba 2024 tukakesha tena kwenye simu tunaangalia watu wanavyofukuliwa Kariakoo, na mara zote mbili swali la kwanza mtaani lilikuwa nani alisaini, nani alikagua. Sasa nyumba ya Moshono nani alisaini? Mtu uliyeonana nae mara mbili, hajui hata hiyo barabara ya kwenda kwa yule mama inaanzia wapi. Mtu huyo amekosea kuliko wewe, na kama anasoma hapa ajijue. Ila na wewe umeigeuza leseni kuwa kile kile unachomlalamikia bosi, kipande cha mpira na wino cha laki mbili.

Narudi kwenye barua yako, kuna sentensi umeipitia mbio mimi ikanisimamisha. Bosi anafunga mlango anaongea na mteja nusu saa. Umeiandika kama vile bosi ndani humo anakunywa chai. Unajua kinachosemwa mle? Mle ndimo mteja anasema ana milioni 60 na anataka nyumba ya milioni 150 na mtu anatakiwa amwambie hapana bila kumpoteza. Mle ndimo anasema kiwanja ni cha urithi na kaka yake bado hajasaini. Anasema tuanze na chini, juu tutaongeza Mungu akijaalia, na mwenye akili anaandika hapo hapo kwenye faili kwamba msingi upigwe hesabu ya ghorofa. Miaka 12 umeshika kila kitu isipokuwa hiyo nusu saa. Wewe na yule mama wa Moshono mlivyoongea habari ya ghorofa ulikuwa ndani ya chumba hicho kwa mara ya kwanza, peke yako, na ukakubali tu.

Kwa hiyo nenda kwa bosi, usiende na hasira ya dogo. Muombe vitu viwili. Cha kwanza uwe unaingia kwenye hayo mazungumzo, ukae kimya uandike. Cha pili mshahara, na hapo nenda na karatasi, orodhesha kazi za miaka mitatu ulizozibeba, zilizotoka kibali bila kurudishwa na ambazo saiti ulizisimamia, kisha nyamaza asome. Akikataa vyote viwili basi ofisi za wasanifu haziishii hiyo moja, na mchoraji wa miaka 12 anayejua mvua inaingilia wapi kwenye paa la kujificha hakai mtaani muda mrefu, nakuhakikishia kuna watu hapa Moshi wangekuchukua kesho.

Halafu una diploma ya ujenzi umeiweka kabatini kama picha ya harusi. Bodi ya wahandisi, ERB, inasajili mafundi sanifu wenye vyeti vya ngazi yako. Ulishawahi kuomba? Najua ulitaka usanifu majengo na hiki si chenyewe, lakini ni jina halali, lina namba, na unaweza kuliandika kwenye kadi bila kuangalia nyuma. Zile mia moja ulizoprinti zenye "Arch." choma. Usigawe hata moja ili kumaliza stoku, nakujua.

Kazi za pembeni unaweza kuendelea nazo ukibadilisha utaratibu. Tafuta msanifu aliyesajiliwa anayekubali kwenda saiti na wewe, anayefuta mistari yako kwa kalamu nyekundu, ambaye mteja anamjua kwa jina, na mgawane hela kwa maandishi. Utapata kidogo kuliko sasa. Na ikiwa ya ghorofa, mhandisi awepo, bei yake uiweke kwenye hesabu mapema ili mteja asije akaona ni mzigo umeibuka.

La kwenda shule. Mkeo amesema "yaishe", na mimi neno hilo linanitia shaka, manake miaka mitano ya Chuo Kikuu Ardhi huendi ili ugomvi na bosi uishe. Umri sio kikwazo, Francis Kéré wa Burkina Faso alikuwa fundi seremala, akaenda Ujerumani, shule ya msingi ya kijijini kwao Gando ikakamilika 2001 yeye akiwa bado mwanafunzi, digrii kaipata 2004 ana miaka 39, na 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa hiyo Pritzker. Ila yeye alikwenda kwa sababu kijijini kwao watoto walikuwa wanasoma kwenye joto na giza na alikuwa na swali la kwenda nalo darasani. Wewe una swali gani? Ukilipata, angalia kitabu cha udahili cha TCU, tume ya vyuo vikuu, cha mwaka huo uone kwa diploma yako na alama zako unaingia wapi, uliza habari za mkopo mapema, na mkae na mkeo mpige hesabu ya ada, kodi ya Sakina na watoto, sio ya ada peke yake. Ukishasajiliwa kuna faida moja ambayo cheti cha darasani hakina, nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana tangu 2011 kutambuana wasanifu, na wanachoangalia ni usajili wa mtu kwao, kwa hiyo kazi ya Nairobi haiko mbali kiasi hicho kwa mtu wa Arusha.

Mama yako wa Machame anasema uridhike. Msalimie sana, mwambie nimesema hapana, ila aendelee kukuombea.

Nenda Moshono kwanza. Niandikie wiki ijayo uniambie ufa una upana gani na mhandisi amesemaje, na safari hii uuweke mwanzoni mwa barua.

Mama Ramani, Moshi